Bomba la Maji Moto Chini ya Ntumba

Vijana mnaoshika spana leo, mkisoma humu mahali ninapojisifu, punguzeni kidogo. Mahali ninapomlaumu mtu, punguzeni zaidi. Mimi niliishia darasa la saba, na haya nayatoa kwenye madaftari niliyokuwa nikiandika kila nilipomaliza kazi. Kurasa nyingine zimeliwa na panya, na hapo nimejaza kwa kichwa changu, ambacho nacho sijui kimeliwa na nini.

Lakini kuna jambo moja sina wasiwasi nalo. Nyumba inaweza kupata joto kutokana na maji yanayotoka ardhini yakiwa tayari ni ya moto, bila kuni, bila mkaa, bila umeme. Nimelifanya kwa mikono hii, hapa hapa Ufipa, tena kwa mpira mweusi wa plastiki. Akija mtaalamu akawaambia haiwezekani, mleteni kwangu Chanji. Nitampa kiti, nitampa chai, halafu nitamweleza.

Watu wa kwingine hawaelewi kwa nini Mtanzania atake kupasha nyumba joto. Ninyi mliokulia uwandani mnaelewa. Mnajua mwezi wa sita unavyotoka nje asubuhi na masikio yanakuuma kama umepigwa. Ninachotaka mwelewe zaidi ni kwamba baridi ya Ufipa haiishi mwezi wa saba. Kwa mtu mzima inaisha. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, hata mvua ya Desemba na ukungu wake ni baridi ya kutosha kumchukua.

Nilikuwa mfanyakazi wa idara ya maji. Kisha ikaja ile miaka ya ruhusa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake, ukitaka soketi moja ya bomba unaandika barua, barua inasafiri, inarudi na muhuri kwamba soketi hakuna. Baada ya ruhusa, madukani Sumbawanga kukawa na soketi mpaka za kuchagua, ila sisi wa kuzifunga tulikuwa tumepunguzwa kazini. Siwezi kusema yote yalikuwa mabaya. Bila ruhusa mpira mweusi usingefika kwetu. Na bila kupunguzwa, mimi ningekuwa mpaka leo nimekaa kwenye benchi la ofisi nasubiri barua.

Basi siku moja ya mvua akaja nyumbani mwanamke aliyevaa mabuti ya mpira na koti la kiume.

"Wewe ndiye fundi Anselmi uliyepunguzwa?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Basi una nafasi."

Huyo ndiye Nesi Perpetua, mkunga wa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Chala, kule uwanda unapoanza kuvunjika kuteremkia bonde la Rukwa. Kijiji chenyewe sikitaji, maana watu wake wengi wapo hai na sijawaomba ruhusa. Alikaa, akaweka mabuti mlangoni, akanieleza shida yake bila kuzunguka.

Mwezi wa saba uliokuwa umepita, mama mmoja aliyejifungua alifungiwa wodini na ndugu zake pamoja na jiko la mkaa. Walifanya kwa upendo, mtoto asipate baridi. Nesi alipofungua mlango asubuhi, mama na mtoto wote walikuwa wamelegea kama nguo zilizoloa. Walipona, Mungu ni mwema, lakini kuanzia siku hiyo nesi alipiga marufuku mkaa wodini. Akina mama nao wakaacha kuja. Waliuliza: tukajifungulie kwenye barafu kwa nini, na nyumbani tuna moto?

"Na wana haki," nesi akasema. "Kuna binti mmoja, Leokadia. Mtoto wake wa kwanza alikuja na miezi saba. Nilimfunga nguo zote nilizokuwa nazo, nikaweka chupa za maji moto. Siku ya tatu baridi ikanishinda. Akibeba mimba nyingine nataka anikute nina chumba chenye moto."

"Moto au joto?" nikamuuliza. Nilikuwa najifanya mjuaji.

"Fundi, wewe lete kimojawapo. Jina tutakipa baadaye."

Juu ya zahanati ile, mwendo wa kumaliza sigara moja, kulikuwa na chemchemi ya maji moto. Watu walioga pale tangu zamani, na wengine walilowekea nguo nzito. Nesi alikuwa ameitazama miaka mitatu, maji ya moto yanapita nyuma ya wodi yake kwenda bure bondeni, huku yeye anahangaika na chupa. Wazo lilikuwa lake. Watu hunisifu mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana na spana, lakini nataka ijulikane: kabla sijafika, yeye alikuwa ameshachora kwenye kadi ya kliniki mstari kutoka chemchemi mpaka ukutani.

Swali la kwanza la fundi ni maji yana moto kiasi gani. Kipimajoto cha nesi kilikuwa cha kwapani, na nilipokitia kwenye chemchemi kilipanda mpaka mwisho kikapasuka. Hilo ni kosa la kwanza, na nilimwomba radhi. Baada ya hapo nilipima kwa mkono. Pale chemchemi unatia mkono, unahesabu moja mpaka nne, na kabla ya tano unautoa mwenyewe bila kuambiwa. Tatizo ni kwamba mkono wa mkulima na mkono wa karani haihesabu sawa. Kwa hiyo nilitumia mkono mmoja tu siku zote, wa kushoto, ambao hauna sugu nyingi.

Mabomba ya chuma tuliyopata yalitosha ndani ya chumba tu. Nikayalaza marefu kando ya ukuta, manne, yanakwenda na kurudi, nikajenga tofali kuyazunguka na kupaka saruji juu, kikawa kibaraza cha kukalia kinachofika usawa wa kitanda. Maji yanaingia kona moja, yanazunguka, yanatoka kona nyingine kwenda mfereji wa kufulia. Nilitaka kuyapitisha chini ya sakafu. Nesi akakataa. "Bomba likivuja chini ya sakafu utavunja wodi yangu yote. Liweke ninapoliona." Alikuwa sahihi. Na kila mwisho wa bomba niliacha kizibo cha kufungua, kwa sababu maji ya moto ya ardhini yanaacha ukoko ndani ya bomba kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Usipoacha mahali pa kuingizia waya na kukwangua, mwaka wa pili bomba linabaki na tundu la kupitisha penseli. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilichungulia kwenye mawe ya chemchemi nikaona yamevaa koti jeupe, nikajiuliza bomba langu litavaa nini.

Kutoka chemchemi mpaka wodini ndipo palipokuwa na shida. Hapo tuliweka mpira mweusi. Muuzaji nilimuuliza kama unavumilia moto, akaniapia kwamba unavumilia. Nikaulaza juu ya ardhi, nikafungua maji. Baada ya muda mfupi mpira ukalegea kama tambi, na palipokuwa na jiwe ukajikunja ukabana. Nilirudi mjini nimevimba. Muuzaji akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Moto si wa jua, fundi? Mimi nilidhani unauliza jua!" Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani alisema kweli. Mimi nilitaja moto, sikutaja maji. Vijana, mkienda dukani ulizeni sentensi nzima.

Dawa ya mpira laini ni kuufukia, ili udongo uushike pande zote na joto lisipotee njiani. Lakini mteremko ule ni mwamba. Jembe linaingia shibiri moja na nusu, basi, linalia. Nikakaa juu ya jiwe nikiwa nimeishiwa akili. Mbele yangu, shamba zima, kulikuwa na ntumba.

Kwa msiolima, nieleze. Ntumba ni vile vichuguu vya mviringo ambavyo Wafipa tunatengeneza mvua zinapoelekea kwisha. Unakata majani, unayalaza, unayafunika kwa udongo, majani yanaoza ndani na kuwa mbolea. Juu yake unapanda maharage. Nikasema moyoni: majani ndani, udongo nje, hakuna blanketi zuri kuliko hilo. Bomba lipite chini, ntumba zikae juu, moja baada ya nyingine, kutoka chemchemi mpaka ukutani. Siku ile niliandika kwenye daftari, na panya hawakuugusa ukurasa huo: *Leo nimepata akili.*

Waliozitengeneza ni wanawake wa kijiji, wakiongozwa na Mama Kasiana, mama yake Leokadia. Alinizidi umri, nilimwamkia shikamoo, naye hakuwahi kunijibu marahaba bila kuongeza kasoro moja aliyoiona kwangu. Wanawake walikubali kufanya kazi bure kwa sharti moja, maharage ya juu yawe yao. Nikaona nimepata faida mara mbili.

Jirani yetu pale alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, na mpunga wake akilima chini bondeni. Alipita asubuhi, akasimama na fimbo mabegani.

"Mwangaluka, fundi! Hapo umefukia bomba au umezika ndugu zako?"

"Tunalivika blanketi."

"Mfipa bwana! Hata bomba analipandia maharage." Akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Kisha akauliza, bila utani sasa: "Lakini ninyi matuta haya si huwa mnayapasua?"

"Haya ni ya bomba," nikamjibu.

Naandika hapa ili haki yake isipotee. Masanja aliuliza. Mimi nilimwona mfugaji, nikadhani hajui kilimo.

Juni ilipofika, kibaraza kilikuwa cha moto. Ndani ya wodi ungeweza kukaa na shati moja, na nje watu wanapuliza vidole. Akina mama wakarudi kujifungulia zahanati. Tatizo letu likawa jingine: wazee wa kijiji wote wakaanza kuumwa migongo. Walikuja asubuhi na mapema, wakaegemea kile kibaraza wakisubiri dawa, na walipopewa dawa wakasema wasubiri kwanza ifanye kazi. Nesi aliwafukuza kwa ufagio. "Hii ni wodi ya wazazi!" Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, mimi nina watoto tisa. Kama si mzazi, ni nani?"

Nilirudi Chanji nikitembea kama mtu aliyejenga daraja.

Desemba niliitwa kwenda kukwangua ukoko. Nilifika jioni, na nesi alinikuta getini. Leokadia alikuwa amejifungua siku mbili kabla. Miezi saba tena. Safari hii msichana, mdogo kiasi kwamba kofia aliyofumiwa ilikuwa kubwa kuliko uso. Alikuwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa pamoja, na mama ameegemeza mgongo kwenye kibaraza.

"Ukoko wako utasubiri," nesi akaniambia. "Bomba hilo huligusi mpaka nikuambie. Umesikia? Hata spana usiipitishe karibu."

Kesho yake asubuhi ilikuwa na ukungu na manyunyu. Nilikuwa nakunywa uji jikoni kwa mlinzi niliposikia mtu anapiga kelele kutoka mteremkoni. Nikatoka mbio. Mama Kasiana alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, jembe limeanguka, na mbele yake maji ya moto yanaruka juu na kutoa mvuke.

Alikuwa ameingia shambani kama kila mwaka mvua zikianza. Na mvua zikianza, Mfipa hupasua ntumba. Ndiyo maana ya ntumba. Zile zilizoiva ndani unazipasua, unasambaza mbolea, unapanda ulezi. Alikuwa ameshapasua tatu. Ya nne jembe likakutana na mpira wangu.

Nilikimbia kwanza kufunga koki ya chemchemi. Niliporudi, watu walikuwa wamemzunguka, na kijana mmoja anamfokea: "Mama, si unajua bomba lipo hapa? Mtoto wa binti yako mwenyewe yuko ndani!"

Mama Kasiana hakumtazama. Alinitazama mimi. Mguu ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni.

"Anselmi. Ntumba usiyotaka ipasuliwe, uliitengeneza ya nini?"

Mtu ukimpa jeneza akazika, utamlaumu? Mimi ni Mfipa, nimezaliwa kwenye ntumba, nimezipasua tangu sijaota meno ya ukubwani. Mgeni asingefanya kosa lile. Mgeni angemwaga mchanga, angeweka mawe. Ilihitaji Mfipa kufunika bomba kwa kitu ambacho kila Mfipa ana wajibu wa kukipasua.

Nesi akatoka. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kibaraza kitakaa na joto mpaka saa ngapi?"

Nikaenda kuweka mkono. Tofali na saruji havipoi haraka, hiyo ndiyo faida yake. "Mpaka mchana kitakuwa sawa. Saa tisa kitakuwa vuguvugu. Baada ya hapo ni ukuta tu."

"Basi una mpaka saa tisa. Mkaa siurudishi humu."

Leokadia alikuwa amesikia kila kitu. Alijisogeza tu, akabandika mgongo wake vizuri kwenye kibaraza, kama mtu anayetaka kunywa lote lililobaki.

Sasa sikilizeni, hapa kuna kazi. Mpira ulikuwa umechanwa urefu wa kiganja. Kipande cha kuunganishia sikuwa nacho, nilikuja na waya wa kukwangulia tu. Basi la Sumbawanga lilikuwa limeshapita, na hata lingekuwepo nisingerudi kabla ya saa tisa. Nilihitaji kipande cha bomba la chuma, chembamba, kiingie ndani ya mpira pande zote mbili. Nikazunguka zahanati nzima nikitazama kila chuma. Macho yakatua kwenye chuma cha kutundikia chupa za dripu, kilicho wazi ndani kama bomba.

Nesi akafuata macho yangu. "Kinaingia?"

"Nadhani kinaingia. Lakini nesi, hiki ni mali ya zahanati."

"Kata."

"Utaandika nini wakija kukagua?"

"Nitaandika kimekatwa na fundi Anselmi, kwa amri yangu. Kata, mwanaume!" Na kweli aliandika hivyo hivyo, niliona.

Nikakata shibiri mbili kwa msumeno wa chuma, nikasaga kingo kwenye jiwe zisichane mpira. Kilikuwa kinene kidogo, hakiingii. Hapo ndipo ulaini wa mpira ule, ambao nilimgombeza nao muuzaji, ukanisaidia. Nilichota maji ya chemchemi, nikayabandika motoni, na kwa kuwa yalikuwa nusu safari tayari yalichemka upesi. Nikatumbukiza ncha ya mpira, nikahesabu polepole mpaka thelathini, ikawa laini kama ulimi. Nikausukuma juu ya chuma, kisha nikamwagia maji baridi, ukakaza. Upande wa pili vivyo hivyo. Juu nikafunga mpira wa ndani wa baiskeli, na juu yake waya, nikaukaza kwa koleo. Kaeni na ufundi huu. Umenisaidia mara nyingi baadaye.

Saa sita na nusu nilifungua koki. Nikakimbia wodini kusubiri maji yatoke upande wa pili. Hayakutoka. Nikarudi kwenye kiungo, hakivuji hata tone. Nikarudi wodini, kimya.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fomeni mmoja aitwaye Mzee Tadei, sasa marehemu. Kila nilipokwama alikuwa akinipiga kofi la mgongo na kufoka, "Hewa, wewe! Hewa kwanza!" Nikalisikia kofi lile pale pale. Bomba lilikuwa limekauka, likajaa hewa, na hewa imekwama mahali bomba linapopanda kuvuka mwamba. Nilikuwa nimeshaweka kizibo pale pale juu ya nundu kwa ajili ya kuitoa. Ila kilikuwa chini ya ntumba, na ntumba zilikuwa nyingi, zote zinafanana kama mayai.

Nikafungua daftari. Niliandika vizuri kabisa: *Kizibo cha hewa, hatua arobaini na mbili.* Sikuandika kuanzia wapi.

Nilihesabu arobaini na mbili kutoka chemchemi, nikafukua, hakuna. Nikahesabu kutoka ukutani, hakuna. Masanja alikuwa amefika na jembe lake, anafukua bila kusema utani wowote, na Masanja akinyamaza ujue hali ni mbaya. Saa nane ilikuwa imeshapita.

"Mnatafuta nini huko?" Mama Kasiana aliita. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa bandeji.

"Mahali bomba limepanda juu, mama. Karibu na uso wa ardhi."

Akafikiri. "Hapo chini yake pana joto zaidi ya kwingine?"

"Lazima."

"Basi ni ile." Akanyoosha kidole. "Ya tatu kutoka kwenye lile jiwe lenye ufa. Maharage ya pale yaliota siku nne kabla ya mengine. Nilisema, nikadhani ni mbegu."

Nilifika pale kwa kupiga magoti. Shibiri moja chini, kizibo hicho hapo. Nilipokilegeza kwa spana, hewa ilitoka na mlio mrefu kama ng'ombe anayepumua, ikakohoa, ikatema maji, kisha maji yakaja mfululizo. Nikakifunga. Kutoka wodini nikasikia sauti ya nesi: "Yametoka! Fundi, yametoka!"

Nilipotia mkono kibarazani kilikuwa kimebaki vuguvugu. Leokadia aliniangalia, mara ya kwanza siku ile.

"Baba, kimerudi?"

"Kimerudi. Kipe muda."

"Muda ninao," akasema.

Sasa mnadhani kazi iliisha. Kazi ndiyo ilianza. Ntumba zote zilizobaki zilikuwa zimeiva na mvua inanyesha, na shamba ni la watu, lazima lilimwe. Nilitaka kulihamishia bomba kwenye mtaro wa mawe. Masanja, ambaye sasa nilikuwa namsikiliza, akasema nijaze pumba za mpunga badala ya majani, maana pumba hazitamani kulimwa na mtu. Alipandisha magunia kumi na mawili kutoka bondeni kwa lori lililobeba mchele. Mawe tulikuwa nayo. Lakini kuhamisha bomba ni lazima ufunge maji siku nzima, pengine mbili, na nesi alisema hapana. Mtoto haongezeki uzito vizuri. Hatufungi.

Basi nikakaa. Fundi mzima, nilikuwa nashinda shambani kuwa alama. Wanawake wanakuja na majembe, mimi natembea mbele yao juu ya mstari wa bomba: hapa pasua, hapa acha, hapa polepole. Mama Kasiana alirudi shambani hata mguu haujapona. Alikuwa akifika kwenye ntumba ya bomba anasimama, anaigusa kwa mpini wa jembe, kisha ananiuliza kwa sauti wenzake wasikie, "Hii mheshimiwa nayo ni ya kuangalia tu?" Wanacheka. Nilistahili. Kisha anaizunguka na kwenda ya pili.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Mtoto akapungua uzito, kisha uzito ukasimama. Kila asubuhi nilimwona nesi kupitia dirishani akimlaza kwenye mizani, na kila asubuhi alinitazama na kutikisa kichwa. Nilijifunza kusoma kile kichwa kuliko nilivyojifunza kusoma kitabu chochote. Mawe yalikuwa yamepangwa, pumba ziko chini ya turubai, mtaro uko wazi unasubiri. Mke wangu alituma salamu kutoka Chanji kuuliza kama nimeoa huko. Nikamjibu nimeolewa na bomba.

Wiki ya tano, asubuhi yenye jua, tulikuwa shambani mimi, Masanja na wale wanawake. Mlango wa wodi ukafunguliwa. Akatoka kwanza Mama Kasiana, amebeba beseni na blanketi lililokunjwa. Nyuma yake Leokadia, khanga imefungwa kifuani, na kutoka ndani ya khanga kinatokeza kiatu kimoja cha sufu, kinapiga teke. Walipita kando ya shamba, wakashika njia ya nyumbani, polepole, kama watu waliotoka kanisani. Wanawake waliacha majembe. Hakuna aliyepiga vigelegele, nadhani waliogopa kumshtua.

Nesi Perpetua alibaki mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya lile koti lake la kiume, akiwaangalia mpaka walipopotea kwenye kona. Kisha akanigeukia.

"Fundi," akaita, "funga maji."